Bei Ikipanda, Twawahesabu Watoto

Lipo neno moja nililolisikia mara nyingi mno katika maduka ya mtaani na katika masoko ya Darajani na Mwanakwerekwe, hata siku hizi hulingojea kabla halijatamkwa. Mtu huuliza bei ya mchele, muuzaji akamtajia, na bei ikiwa imepanda tangu wiki iliyopita hupita kimya kidogo, kisha mmoja wa wanunuzi, aghalabu mtu mzima mwenye heshima zake, hutikisa kichwa na kusema: "Lakini nasi watu tumezidi, jamani." Wenziwe huitikia, muuzaji hupima nusu kilo mahali pa kilo, na kila mmoja hushika njia yake kama kwamba jambo limekwisha kupata sababu yake.

Neno hilo hilo hutamkwa pepo za kusi zinapoichafua bahari, vyombo viletavyo nyanya, vitunguu na viazi kutoka Bara vikakawia siku mbili tatu, na fungu la nyanya tano likawa la nyanya tatu kwa bei ile ile. Nami hujiuliza: katika siku tatu hizo walizaliwa watoto wangapi hata wakazila nyanya za Unguja nzima? Kilichobadilika ni bahari, na kilichokosekana ni mahali pa baridi pa kuiwekea shehena iliyotangulia; walakini bahari hailaumiki, na mwenye ghala hayupo sokoni, basi lawama humwangukia aliye karibu, naye ni mama aliyesimama mbele ya muuzaji, mmoja kampakata na wawili wamemshika baibui.

Makala haya nayaandika kulipinga neno hilo. Silipingi kwa kuudharau wingi wa watu, maana wingi huo ni mzito na nitaueleza kama ulivyo. Nalipinga kwa kuwa nimeyakinika kwamba njaa ya nyumba zetu huletwa, kabla ya idadi ya midomo, na ubovu wa njia ndefu iliyopo baina ya shamba na chungu, na maadamu twaendelea kuihesabu midomo huku ghala, bandari na mfuko wa mnunuzi vikiachwa bila ya hesabu, tutazidi kuiona njaa mahali palipo na chakula.

Eka tatu na wajukuu

Tuanze na haki ya wale wasemao kwamba tumezidi. Mwaka 1960 dunia ilikuwa na watu kiasi cha bilioni tatu; tarehe 15 Novemba 2022 Umoja wa Mataifa ukatangaza kuwa wametimia bilioni nane. Tanzania, ambayo sensa ya 1967 iliikuta na watu milioni kumi na mbili na ushei, sensa ya 2022 iliikuta na watu 61,741,120. Hapa Visiwani, mwaka huo wa 1967 tulikuwa kiasi cha laki tatu na nusu. Mwaka 2022 tulikuwa 1,889,773, na kwa mwendo tulioongezeka nao baina ya sensa mbili za mwisho, tutakuwa mara mbili ya hapo kabla ya miaka ishirini kupita. Katika kila kilomita moja ya mraba ya Visiwa hivi wamo watu zaidi ya mia saba na hamsini, na kisiwa hakina mpaka unaoweza kusogezwa.

Anayetaka kuuona uzito wa hesabu hiyo bila ya kufungua kitabu, na aziangalie eka tatu. Baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi ilipotwaliwa na serikali, jamaa kwa maelfu walipewa kila mmoja eka tatu zake za kulima, na eka hizo zikawa kwa watu wengi ndiyo mara ya kwanza kuingia shambani bila ya kumwomba mwenye shamba. Mchukulie mzee mmoja aliyepewa eka zake katika miaka ile, naye akajaaliwa watoto wanane, na kila mtoto akapata wanne: wajukuu thelathini na wawili, na eka ni zile zile tatu. Mmoja amejenga chumba na ukumbi, mwingine ameuza ngwe yake kwa mtu wa mjini, wa tatu amepanda muhogo penye nafasi ya kuzikia tu, na minazi iliyopandwa na babu imekwisha kuzeeka wala hakuna aliyeirithi kwa ukamilifu hata akaona faida ya kupanda mingine. Fauka ya hayo, mji nao umeondoka ulipokuwa umeketi. Fuoni na Kisauni niliwahi kuzijua kwa harufu ya udongo baada ya mvua. Leo mvua ikinyesha huko watu huhofia maji kuingia majumbani, kwa kuwa pale yalipokuwa yakituama maji ya mpunga pamesimama nyumba.

Basi mzigo upo, wala simwambii mtu kwamba haupo. Wala sioni kuwa ni utovu wa imani kupanga nafasi baina ya mtoto na mtoto, ilhali dini yenyewe imetaja miaka miwili ya kumnyonyesha, na mama asiyepumzika hulea watoto wasiopumzika. Wapo wasemao kwamba kila mtoto huja na riziki yake, nami sijitengi na imani hiyo. Lakini riziki ina sababu zake, na miongoni mwa sababu hizo ni baba kuwa na kazi, mama kuwa na afya, na msichana kumaliza skuli kabla ya kuitwa mama mtu. Katika uchunguzi wa afya wa mwaka 2022, mwanamke wa Tanzania alikadiriwa kuzaa kwa wastani watoto karibu watano. Idadi hiyo hushuka kila mahali wasichana wanaposoma na watoto wachanga wanapoacha kufa, na ni jambo jema ishuke.

Walakini dawa hiyo hufanya kazi kwa mwendo wa vizazi, na tumbo hungoja jioni. Lau kuanzia usiku wa leo asizaliwe mtoto hata mmoja Visiwani, je, mchele utashuka bei mwezi ujao? Utashuka mwaka ujao? Kila mwenye duka anajua kuwa hautashuka, kwa sababu bei aliyonunulia yeye haikuandikwa katika wodi ya wazazi.

Meli isiyokuja

Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea, alikuwa na desturi moja ambayo utotoni niliiona kuwa ni ubahili. Kila apikapo aliuteka mchele kwa kibaba, akautia katika ungo, kisha kabla ya kuupeta alichota ukufi mmoja akaurudisha katika kasiki la udongo lililokaa pembeni mwa ukumbi. Hata siku ya wageni, hata siku ya sikukuu, ukufi ulirudi. Nilipomwuliza kwa nini asiupike wote, hali atuona sisi watoto twagombania ukoko, alinitazama kwa muda kisha akasema: "Mwanangu, mimi nimeiona meli isiyokuja."

Sikumwelewa mpaka nilipokuwa mtu mzima nikaisoma habari ya mwaka 1942. Katika mwezi wa Machi mwaka huo jeshi la Japani liliitwaa Rangoon, na Burma, iliyokuwa ikiuza nje mchele mwingi kuliko nchi yoyote duniani, ikafungwa kama mlango. Unguja na Pemba, ambazo kwa zaidi ya miaka mia moja zilikuwa zimefundishwa kupanda karafuu na minazi ya kuuza na kula mchele unaokuja kwa meli, zikaamka zikiwa na karafuu ambazo haziliki. Chakula kikagaiwa kwa vipimo, na mgao wenyewe ukafuata kabila la mtu: mchele uliobaki ukaelekezwa zaidi kwa waliohesabiwa kuwa Waasia na Waarabu, na waliohesabiwa kuwa Waafrika wakaambiwa watosheke na unga wa mahindi. Watu waliokuwa wakipokezana sahani juu ya ukuta wakajikuta wamepangwa safu mbalimbali kwa jina lililoandikwa katika karatasi, na uchungu wa karatasi ile haukwisha vita ilipokwisha.

Sasa naomba msomaji atulie hapa. Katika miaka hiyo Unguja na Pemba kwa pamoja hazikufikia watu laki tatu. Hawakuwa hata sehemu moja ya sita ya tulivyo leo. Mabonde ya mpunga yalikuwa wazi, mito haikuzibwa na nyumba, na eka kwa kila mtu zilikuwa nyingi kuliko atakazopata kuziona mjukuu wa leo. Kama njaa ni binti wa wingi wa watu, alizaliwaje katika nyumba ile isiyo na mama? Aliyeileta ni meli isiyokuja, na kabla ya meli, ni mpango wa miaka mingi uliomfanya mtu wa kisiwani awe mtegemea cha nduguye, tena ndugu mwenyewe yuko ng'ambo ya bahari.

Ng'ambo hiyo ya bahari mambo yalikuwa mazito zaidi. Mchele ule ule wa Burma ulipokatika, jimbo la Bengal huko India nalo lilitikisika, na serikali ya kikoloni, kwa khofu kwamba Wajapani watafika, ikawanyang'anya watu wa mitoni maelfu ya mashua zao, yaani ikakata kwa mkono wake njia ya chakula na ya uvuvi. Mwaka 1943 walikufa kwa njaa na maradhi yaliyoifuata watu wanaokadiriwa kufika milioni tatu. Mtoto mmoja wa miaka tisa, Amartya Sen, aliwaona wenye njaa wakipita mbele ya nyumba za kwao, na alipokuwa mwanachuoni wa uchumi alirudi kuichungua njaa ile, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1981 akaeleza kwamba chakula kilichokuwapo Bengal mwaka 1943 kilikuwa kingi kuliko cha mwaka 1941, mwaka ambao hapakuwa na njaa. Vita ilipandisha bei. Waliokuwa na mishahara ya vita mjini waliifuata, na kibarua wa shamba, mvuvi na kinyozi wa kijijini hawakuweza kuifuata. Mchele ulikuwapo, nao wakafa karibu nao.

Mtu asidhani kuwa hiyo ni hadithi ya kale. Tarehe 20 Julai 2023 serikali ya India, ambayo peke yake hutoa kiasi cha sehemu mbili katika tano za mchele wote unaouzwa baina ya nchi na nchi, ilipiga marufuku kuuza nje mchele mweupe wa kawaida ili kuwapoza wananchi wake kwa bei, na mwezi uliofuata bei ya mchele duniani ikafika mahali ilipokuwa haijafika kwa miaka kumi na mitano. Zuio hilo liliondolewa Septemba 2024. Katika mwaka mzima na zaidi uliopita katikati, nililisikia neno la watu kuzidi likisemwa madukani kwetu, wala sikumsikia hata mtu mmoja akiitaja Delhi.

Kilo moja kwa siku

Khofu ya kwamba midomo itakishinda chakula ni ya zamani. Mwaka 1798, dunia ilipokuwa na watu wasiozidi bilioni moja, Mwingereza Thomas Malthus aliandika kwamba watu huongezeka kwa kuzidishana na chakula huongezeka kwa kujumlishwa, kwa hivyo njaa ndiyo itakayowarudisha watu katika kiasi chao. Mwaka 1968 Mmarekani Paul Ehrlich akatangaza kwamba katika miaka ya 1970 watu kwa mamia ya milioni watakufa kwa njaa, lolote lifanywalo. Miaka hiyo ilifika ikapita. Njaa ziliua watu, wala sizifanyi ndogo, lakini gharika ile ya kutabiriwa haikuja, kwa kuwa mtaalamu wa kilimo Norman Borlaug na wenzake walikuwa wamekwisha kuipata ngano fupi yenye masuke mazito isiyoangushwa na upepo, na kule Ufilipino ulikuwa umetolewa, mwaka 1966, mpunga wa IR8 uliozaa kupita yote iliyotangulia. Ngano na mpunga huo vilitaka maji mengi na mbolea nyingi, na ardhi katika nchi nyingine ingali inailipa gharama hiyo. Hata hivyo vililisha watu.

Nitatoa hesabu moja tu ya dunia, nayo haihitaji kalamu. Nafaka zinazovunwa ulimwenguni katika mwaka mmoja, mahindi, ngano, mpunga, mtama na nyinginezo, hazipungui tani bilioni mbili na laki nane za maelfu, yaani tani milioni 2,800. Mwaka 1961 hazikufika tani milioni 900. Zigawe hizo za leo kwa watu bilioni nane, na kila mmoja, pamoja na mtoto aliyezaliwa alfajiri ya leo, atapata kilo mia tatu na hamsini kwa mwaka, ambazo ni karibu kilo moja kila siku, kabla ya kuhesabu muhogo, ndizi, maharage wala samaki. Hata hivyo mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu milioni 673 walikaa na njaa, na katika Afrika mtu mmoja katika kila watano. Kilo ile yao ilikwenda wapi? Theluthi moja hivi ya nafaka hulishwa mifugo, nyingine huchomwa katika mashine za magari baada ya kugeuzwa mafuta, na chakula kilichokwisha kufika madukani, mikahawani na majumbani hutupwa kwa wingi wa kutisha: tani zaidi ya bilioni moja katika mwaka 2022. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, walisema wazee.

Penye mahindi mengi

Nao ushahidi unaonikaa moyoni kuliko wote hautoki ng'ambo. Iringa, Njombe na Rukwa ni mikoa ambayo sote twaijua kuwa ni ghala la taifa. Mahindi yake hulisha Dar es Salaam, huvuka bahari mpaka kwetu, na huvuka mipaka. Katika uchunguzi wa afya wa mwaka 2022, ambapo watoto waliodumaa kwa utapiamlo Tanzania nzima walikuwa asilimia 30 ya walio chini ya miaka mitano, Iringa walionekana kuwa asilimia 57, na Njombe na Rukwa kiasi cha nusu ya watoto wote. Pale pale panapotoka magunia ndipo mtoto hakui.

Inawezekanaje? Anayezijua nyumba za wakulima hashangai. Mama huondoka alfajiri kwenda shambani, na shamba likiwa mbali humwacha mtoto mchanga na dada yake wa miaka minane na chombo cha uji mwepesi, uji ambao mpaka adhuhuri umepoa na kuchacha. Chakula ni ugali asubuhi, mchana na jioni, na kitoweo ni kile kilichokosa mnunuzi. Maharage yameuzwa, mayai yameuzwa, maziwa yameuzwa, kwa kuwa ada, dawa na deni la mbolea havilipwi kwa ugali. Mavuno yakiingia, mahindi huuzwa wiki ile ile kwa bei ya chini kabisa, maana mwenye deni hangoji na mkulima hana pa kuyaweka. Ikifika miezi ya kabla ya mavuno mengine, mkulima yule yule huyanunua mahindi, pengine yaliyotoka shambani mwake mwenyewe, kwa bei iliyokwea. Mwambie mama huyu kwamba watoto wake hawakui kwa sababu watu duniani wamefika bilioni nane, naye atakutazama kama bibi alivyonitazama mimi.

Mjini njaa huingia kwa mlango mwingine. Haitangazwi, wala hakuna anayeanguka barabarani. Kwanza huondoka samaki, wakaja dagaa. Kisha huondoka nazi ya pili, tui likawa jepesi. Kisha chai ya asubuhi hubaki ya rangi, na mkate ukakatwa vipande vyembamba. Baadaye mlo wa mchana na wa jioni hukutana saa kumi wakawa kitu kimoja. Na katika yote hayo mama hula mwisho, akisema ameshiba kwa harufu ya kupika, na watoto humsadiki mpaka wawe wakubwa. Nimeziona nyumba zenye watoto wawili tu zikipita daraja hizo moja baada ya moja, kwa kuwa baba amekosa kazi hotelini msimu wa watalii ulipokwisha. Na nimeziona nyumba zenye watoto saba zikila vizuri, kwa kuwa baba ana chombo na mama ana duka. Idadi ya watoto ilifanya nyumba ya kwanza kuwa nyepesi na ya pili kuwa nzito, lakini haikuamua nani atalala njaa.

Akiba huoza

Wahenga walisema akiba haiozi, nao walisema kweli kwa akiba ya wakati wao, iliyowekwa darini juu ya moshi wa jiko. Akiba ya leo huoza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alionekana Tabora mdudu mgeni, asili yake Amerika ya Kati, atobokaye punje ya mahindi akaigeuza vumbi. Watu walimwita dumuzi, na wengine wakambandika jina la Scania, na mdudu huyo mdogo amekula chakula cha watu wengi kuliko yeyote aliyezaliwa tangu hapo. Mwaka 2004, katika mikoa ya mashariki ya Kenya, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliota ukungu wenye sumu, na watu 125 wakafa kwa kula akiba yao wenyewe. Walikuwa wameitunza, masikini, wala hawakujua.

Nasi hapa, nani asiyejua msimu wa maembe, yanapolala chini ya miti mpaka ng'ombe wakayakinai, na miezi mitatu baadaye tukanunua maji ya matunda ya paketi yaliyovuka bahari? Dagaa wanaoanikwa Kama na Mangapwani, ambao wafanyabiashara wa Kongo huwafuata mpaka huku, wakikosa jua siku mbili za masika huharibika, na usiku mzima wa taa na nyavu ukawa haupo. Kilichokosekana hapo ni kichanja chenye paa la kupitisha jua na kuzuia mvua, au nyumba ya kukaushia kwa moto. Ni vitu vya mbao, bati na misumari. Mvuvi mmoja peke yake hawezi kuvijenga, na serikali au ushirika wa wavuvi hauwezi kusema kuwa vimewashinda.

Hesabu ninayoidai

Mwezi wa Agosti 2022 makarani wa sensa walipita mlango kwa mlango, nao walikuwa vijana wenye adabu. Wa kwangu alivua viatu, akakaa, akaniuliza ni watu wangapi walilala nyumbani usiku ule, na umri wao, na elimu yao. Nilimjibu kwa furaha, kwa kuwa serikali isiyojua idadi ya watu wake haiwezi kuwapangia. Lakini kazi ile ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni kupita bandarini Malindi, na katika maghala ya wafanyabiashara, na katika mabonde ya Cheju na Kibokwa baada ya mavuno, na kuandika mchele uliopo utatutosha siku ngapi pasipo meli nyingine kutia nanga. Tangu mwaka 2011 Zanzibar ina sheria ya uhakika wa chakula na lishe, na sheria ni jambo jema. Nami nataka sheria hiyo izae namba moja inayosomwa redioni kila Ijumaa, kama isomwavyo hali ya bahari kwa wavuvi, ili mama anayenunua nusu kilo ajue kama kuna siku tisini mbele yake au kuna siku kumi na mbili. Namba hiyo ikijulikana, mwenye kuficha mchele ataonekana, na mwenye kuchelewa kuagiza ataulizwa. Na msichana wa Makunduchi au wa Micheweni atakayemaliza skuli, akaolewa kwa wakati wake na akazaa kwa nafasi, atawakuta wanawe wana ghala la kutegemea.

Bibi alikuwa na namba yake. Kasiki lile alilianika juani mara mbili kwa mwaka, akalikausha ndani kwa majivu ya moto, akatia majani makavu ya mwarobaini na pilipili kavu chini na juu, na ukimwuliza usiku wa manane mchele wake utafika lini atakwambia mwandamo wa mwezi gani. Alifariki katika masika, barabara ya shamba imejaa maji na duka la karibu limefungwa. Watu walikuja mazikoni wengi, wengi kuliko tulivyotazamia, wakiwa na watoto wao. Mama alilifunua kasiki, akaanza kuchota, na wote wakala.